Namba Saba Mgongoni

Bwana Mizani alikuwa mtu wa kuaminika kupita kiasi, na watu wa namna hiyo ni shida kuishi nao. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kukagua mizani za madukani. Aliingia dukani, akavua kofia, akasalimu kwa adabu, akafungua kisanduku chenye mawe ya shaba yaliyopangwa kutoka kubwa hadi dogo kama watoto wa shule mstarini, na kuanzia hapo hakumtazama mwenye duka usoni mpaka amalize.

"Uso una maneno mengi," alizoea kusema. "Mshale una neno moja."

Wenye maduka walimlilia, walimchekea, walimwita shemeji wakati hakuoa kwao. Yeye macho kwenye mshale. Mizani ikiwa sahihi alibandika karatasi ya kijani. Ikiwa na kasoro, nyekundu. Siku moja alibandika nyekundu kwenye mizani ya kaka yake mkubwa, muuza misumari, wateja wamejaa dukani, kwa sababu ya tofauti ya uzito wa misumari mitatu. Kaka yake alinuna mwaka na nusu. Bwana Mizani alihuzunika, akakonda, lakini moyoni aliona fahari ambayo hakuthubutu kumwambia mtu. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya watu waliosoma na wasiopindisha jambo. Hakuna ambaye angesema ukoo ule unapendeleana.

Ofisini kwao kulikuwa na fomu ya kubatilisha, ambayo mkaguzi aliijaza akigundua kwamba amebandika karatasi nyekundu kimakosa. Ilijazwa kwa nakala tatu. Wenzake waliitumia mara kwa mara, kwani binadamu ni binadamu. Yeye alistaafu na bunda lake zima likiwa bado limefungwa uzi, akalipeleka nyumbani na kuliweka kabatini, mahali ambapo wengine huweka cheti cha ndoa.

Kustaafu hakukumfaa. Alipima muda wa birika kuchemka. Alipima kasi ya jirani kufagia. Alipoanza kupima uzito wa mkate kila asubuhi na kumwandikia mwoka mikate barua za malalamiko, mkewe alimkabidhi kofia yake mlangoni.

"Nenda kwa dada yako. Nenda uwanjani. Nenda popote penye watu, baba, ila usirudi kabla ya jioni."

Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya kituo cha zimamoto: sakafu ya saruji, ngazi tatu za kukalia watazamaji, na magoli mawili ya mpira wa kikapu. Kila Jumamosi alasiri timu ya kina dada wa mtaa ilicheza hapo, na kila Jumamosi dada yake, mjane wa mwalimu mkuu, alifika na mto wa kukalia na kuketi ngazi ya pili. Watu wote walimwita Shangazi, hata wasio na udugu naye. Mahali pengine popote alikuwa mama wa heshima zake, mwenye kusema "tafadhali" hata kwa paka. Filimbi ikilia, heshima aliifunika kwa mtandio.

"Mtazame shingo!" alikuwa akipiga kelele. "Shingo ya leo ni ya kufunga! Mpeni mpira mwenye shingo!"

Wakati mwingine mwenye shingo alifunga, wakati mwingine aligonga ubao. Shangazi hakuwahi kukosea, kwa sababu moja nzuri sana: hakuwahi kuandika.

Jumamosi ya kwanza Bwana Mizani aliketi kando yake, akakunja mikono, akaona watu kumi wakifukuzana na kitu cha duara, akahisi kizunguzungu. Jumamosi ya pili alikuja na daftari la mirabaraba, rula na penseli mbili. Jumamosi ya tatu alikuja pia na pima-maji, akapanda ngazi ya kituo cha zimamoto kabla ya mchezo, akagundua kwamba pete ya goli la upande wa barabara imeinama kidogo kushoto. Alimwandikia Mwenyekiti wa timu barua. Hakujibiwa. Akaandika ya pili. Hiyo nayo hakujibiwa.

Alichopenda Mwenyekiti kilikuwa majedwali. Mwenyekiti alikuwa na duka la kutoa nakala na kuuza vifaa vya ofisi, na karatasi yenye mistari iliyonyooka ilimlegeza kama wengine wanavyolegezwa na muziki. Alipoona daftari la Bwana Mizani, mitupo, iliyoingia, iliyokosa, mipira iliyopotezwa, yote kwa mwandiko wa mtu aliyepigwa kiboko kwa ajili ya mwandiko, alijishika kifua.

"Mzee, hazina kama hii ulikuwa umeificha wapi?"

"Nilikuwa natumikia serikali."

Tangu siku hiyo kina dada waliacha kucheza mpira wakawa wanazalisha takwimu. Kila Jumatatu jedwali jipya lilibandikwa kwenye ukuta wa kituo cha zimamoto, na watu ambao mwezi uliopita walikuwa wakisema "yule dada ana balaa" sasa walisema "wastani wake umeshuka nukta mbili," wakatikisa vichwa kama madaktari. Kocha, ambaye kwa kazi alikuwa yule yule mwoka mikate wa zile barua, alilisoma jedwali na unga ukiwa mikononi, akaacha alama ya kidole gumba, akaondoka.

Sasa, jinsi Bwana Mizani alivyokuwa akitazama mpira inahitaji kuelezwa, maana ndipo mambo yalipoharibikia.

Timu ilikuwa na wachezaji kumi na wawili na jezi nane. Nyingine nne zilitoweka kwenye kamba ya kuanikia mwanzoni mwa msimu, na fundi wa jezi alikuwa ameahidi mpya "wiki ijayo" kwa muda wa miezi mitano. Kwa hiyo walikuwa wakibadilishana. Anayetoka alivua jezi, anayeingia aliivaa, na mchezo ukaendelea. Waamuzi wa mtaani hawakujali. Chini ya jezi kila mmoja alivaa fulana, hakuna cha kuona, lakini Kocha alikuwa mtu wa kujihadhari: alinunua taulo kubwa la bluu, na wachezaji wawili walilishika kama pazia wakati wa kubadilishana. Uwanja mzima ulijua. Watoto walijua. Mbwa wa zimamoto alijua.

Bwana Mizani hakujua. Kila taulo lilipoinuliwa, yeye aliinamisha uso kwenye daftari na kuhesabu mirabaraba mpaka lishushwe. Mtu wa nyumba yake hatazami wanawake wakivua nguo, na hata sababu ya wao kuvua haulizi. Halafu aliinua macho na kutazama migongo, palipo na namba, kwa sababu kutazama namba za kifuani aliona pia si adabu, na kutazama nyuso alikuwa ameacha tangu ajiriwe.

Hivyo basi, kwake hapakuwa na wanawake kumi na wawili wenye majina na miguu yao. Palikuwa na migongo minane.

Mgongo wenye namba saba ulikuwa wa Nyigu, binti ya yule kaka yake muuza misumari, ambaye sasa alikuwa marehemu. Nyigu alifanya kazi kwenye gereji ya matairi, alikuwa na mikono ya chuma, na aliitwa hivyo kwa sababu alimzunguka mpinzani masikioni mpaka mpinzani akaachia mpira mwenyewe. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na minne na goti lake la kulia lilikuwa na miaka sitini. Msimu huu ulikuwa wa mwisho. Daktari alisema, na goti likasema zaidi. Na msimu huu, kwa mara ya kwanza tangu aanze kucheza akiwa msichana wa shule, timu ilifika fainali.

Tatizo ni kwamba fainali ilisimamiwa na waamuzi wa ligi, watu wa kutoka mbali wenye filimbi za fedha na kitabu cha sheria. Kila mchezaji na namba yake, hakuna kubadilishana. Jezi nane, wachezaji wanane. Majina yalitakiwa yapelekwe Jumamosi saa sita mchana, na Mwenyekiti hakuona haja ya kumuuliza Kocha wakati kuna jedwali.

Bwana Mizani alikaa na daftari siku mbili. Namba nne, jezi ya Nahodha, ilikuwa malkia wa jedwali. Nusu ya kwanza alikuwa wa kawaida, lakini ikifika robo ya mwisho mgongo huo ulibadilika kabisa: uliiba mipira, ukapita katikati ya watu, ukafunga kutoka pande zote. Bwana Mizani aliandika kwa wino mwekundu: *Namba nne huiva mwisho. Asitolewe.* Namba saba ilikuwa aibu. Mitupo mia moja na arobaini, iliyoingia thelathini na tano. Namba kumi na mbili, dada mmoja aliyeolewa karibuni na kuitwa Bi Harusi, haikuwa na kosa hata moja, kwa kuwa jezi yake ilikuwa kati ya zile nne zilizotoweka, na mgongo wenye namba kumi na mbili haukuwahi kuonekana uwanjani. Lakini utaratibu wa kazi ulikuwa wazi: mizani mpya huhesabiwa kuwa sahihi mpaka ipimwe.

Basi akamtoa Nyigu, akamweka Bi Harusi.

Alikuwa baba mdogo wa Nyigu; siku ya mazishi ya kaka yake alisimama mbele ya watu akasema mtoto huyu sasa ni wangu. Lakini pia aliwaza midomo ya mtaani: *Amemwacha mtoto wa kaka yake kwenye kikosi, si unajua tena, damu.* Hapana. Akapiga mstari kwa rula. Mstari ulinyooka vizuri sana.

Mwenyekiti alitoa nakala arobaini.

Bi Harusi aliposoma jina lake ukutani alimkimbilia Bwana Mizani njiani, mfuko wa nyanya mkononi.

"Mzee, shikamoo. Samahani, nadhani kuna makosa. Mimi hukosa kila siku! Nilianza kucheza ili nipungue mwili tu."

"Marahaba, mwanangu. Unyenyekevu ni jambo zuri," akamjibu, akapita zake.

Ijumaa alasiri alikwenda kwa Shangazi kunywa chai, daftari kwapani. Alijua atasemwa, na aliona ni heri asemwe akiwa na ushahidi. Sebuleni alimkuta Nyigu akiwa amepiga magoti chini ya meza, anakaza mguu wa meza uliolegea. Nyigu alitoka, akajifuta mikono.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo." Akarudi chini ya meza. Adabu yake ilikuwa kamili, na Bwana Mizani angependa isiwe kamili hivyo.

Shangazi alimimina chai kwa utaratibu wa mtu anayejizuia kuimwaga mahali pengine.

"Haya, mdogo wangu. Nieleze. Umemtoa mtoto huyu, umemweka bibi harusi anayerusha mpira kama anatupa maji ya kufulia. Nieleze pole pole, mimi mtu mzima."

"Dada, si mimi. Ni hesabu."

"Hesabu ndiyo imekula sukari yangu vijiko vitatu sasa hivi?"

"Vinne," akasema Bwana Mizani, ambaye hakuweza kujizuia. Akafungua daftari. "Namba saba, robo. Katika kila mitupo minne, mmoja unaingia. Lakini sikiliza huyu Nahodha. Mechi na timu ya walimu: dakika nne kabla ya mwisho, namba nne anaiba mpira, anakimbia peke yake, anafunga kwa mkono wa kushoto. Mechi na timu ya posta: namba nne, kona, kushoto, umeingia. Tena kushoto. Tena kushoto. Mimi naandika kila kitu, Dada, hata mkono."

Chini ya meza bisibisi ilisimama.

Shangazi aliweka kikombe chini taratibu. "Nahodha? Kwa mkono wa kushoto?"

"Imeandikwa."

"Nahodha akishika kijiko kwa kushoto anajichoma jicho. Mechi ya walimu Nahodha alikuwa ameketi mbele yangu kabisa, mguu wake ndani ya ndoo ya barafu, tunazungumza habari za mama mkwe wake. Nani katika ukoo huu anatumia kushoto? Nani alimpiga rula za vidole mtoto wa watu ili aandike kwa kulia, na mtoto akakataa?"

Bwana Mizani alitazama meza. Kutoka chini ya kitambaa cha meza ulikuwa umechomoza mkono, umeshika bisibisi. Mkono wa kushoto.

"Lakini namba nne..."

"Jezi namba nne! Nahodha anachoka, anatoka, Nyigu anaivaa. Ile saba Nyigu alishamwachia bibi harusi alipotoka kupumzisha goti, naye anarusha, anakosa, anarusha, anakosa. Kila mechi! Hukuwaona wakibadilishana?"

"Wakibadilishana wapi?"

"Nyuma ya taulo!"

Bwana Mizani alisema kwa sauti ndogo yenye heshima zote za ukoo wake:

"Likiinuliwa taulo, mimi hutazama chini."

Shangazi alijaribu. Kwa kweli alijaribu. Alikuwa mjane wa mwalimu mkuu na sebule ilikuwa na picha ya marehemu. Akang'ata mtandio. Kisha kicheko kikamtoka kwa pua, chai ikamwagika, na chini ya meza Nyigu naye alikuwa akipiga sakafu kwa kiganja.

"Miezi mitano!" Shangazi alilia. "Nahodha ana kilo tisini, Nyigu hafiki sitini! Ulidhani ni jasho?"

Kuna ukurasa mmoja wa daftari ambapo, kwa bahati mbaya, alikuwa ameandika pembeni: *Namba nne huonekana kupungua mchezo unapoendelea. Chunguza.* Aliufunika kwa kiwiko.

Kicheko kilipokwisha, Nyigu alitoka chini ya meza, akaketi juu ya zulia.

"Baba Mdogo, acha tu. Ukibadilisha leo watasema umenionea huruma. Baba angekuwepo angekwambia hivyo hivyo. Mimi nitakaa na Shangazi nishangilie. Sitaki jina lako litembee midomoni mwa watu kwa ajili ya goti langu bovu."

Angesema maneno makali ingekuwa nafuu. Bwana Mizani alikumbuka kaka yake amesimama nyuma ya mizani yenye karatasi nyekundu, akiwahudumia wateja kimya kimya. Siku ile karatasi ilikuwa ya haki, misumari mitatu ni misumari mitatu. Safari hii ameibandika kwenye mizani iliyo sahihi, tena kwa kuwa hakutaka kuitazama.

"Dada," akasema, "ondoa vikombe. Lete mto wako ukae hapa."

"Wa nini?"

"Wewe unakumbuka nyuso. Mimi nimeandika dakika."

Wakaanza na mechi ya kwanza. Yeye alisoma: namba saba, robo ya pili, mtupo wa mbali, umekosa. Shangazi alifumba macho. "Bibi harusi. Alikuwa na soksi moja nyeupe moja ya bluu, na mumewe akapiga makofi ingawa ilikosa." Namba nne, robo ya nne, chini ya ubao, umeingia. "Nyigu. Alipita chini ya kwapa la yule mrefu, nikaangusha miwani." Mechi baada ya mechi mwanamke huyo, ambaye hakuwahi kuandika hata tarehe, alitoa kila mtupo na mtu wake, na soksi zake, na nani alicheka. Bwana Mizani aliandika kwa heshima iliyozidi kukua.

Isipokuwa kwenye mechi na timu ya benki.

"Umeingia! Nyigu!" Shangazi alisema. "Nilisimama juu ya mto."

"Dada, siku hiyo ilinyesha. Hukuja. Ulikuwa na mafua."

"Niliihisi nikiwa nyumbani."

"Siandiki mafua."

"Mdogo wangu, ulikuwa hutazami watu miezi mitano, leo unakataa mtupo mmoja?"

"Umekosa. Nimeandika umekosa."

"Ulikosa kweli, Shangazi," Nyigu akasema. Shangazi alinuna mpaka mechi iliyofuata.

Jua lilipokaribia kuzama walipata jumla. Bi Harusi: mitupo themanini, iliyoingia minane. Nyigu, kwa jezi zake mbili: mitupo mia moja, iliyoingia arobaini na tisa. Shangazi alishikilia kuwa ni hamsini, na huenda anashikilia mpaka leo.

Asubuhi ya Jumamosi Bwana Mizani alifungua kabati, akakata uzi wa lile bunda, akajaza fomu. Mahali pa *Kifaa kilichokataliwa* aliandika: *Mchezaji*. Mahali pa *Kasoro iliyodaiwa*: *Kutofunga*. Mahali pa *Chanzo halisi cha kosa* alikaa dakika kumi na moja, kisha akaandika: *Mpimaji*. Nakala tatu. Akapiga muhuri, ambao hakuwa na haki ya kuendelea kuwa nao, lakini tumwache.

Dukani kwa Mwenyekiti walikuwepo Mwenyekiti mwenyewe, Kocha aliyekuja moja kwa moja kutoka kwenye tanuri, na Bi Harusi, aliyekuja kujitoa kwa mara ya tatu.

"Mzee, haiwezekani," Mwenyekiti alisema, akiishika fomu kwa ncha za vidole. "Nakala arobaini zimeshatoka. Zimebandikwa!"

"Ni za uongo."

"Lakini zimenyooka! Na watu watasemaje? Jana umemtoa mtoto wa ndugu yako kwa haki, watu wakakusifu. Leo unamrudisha. Wataita nini?"

"Wataita damu," Bwana Mizani alisema. Alishavua kofia, sasa alikuwa akiizungusha mikononi. "Acha waite. Ila waandikiwe pia kwamba nilikuwa nikipima migongo. Nimekosea mimi, si yeye. Ibandike hii juu ya jedwali."

"Juu ya jedwali?"

"Katikati."

Kocha alikohoa, unga ukaruka. "Mimi nilisema tangu mwanzo asitolewe."

"Ulisema," Mwenyekiti alikubali, "nikakuuliza sababu, ukasema hujui."

"Sijui mpaka sasa. Nikiukanda unga najua tu."

"Na mikate yako bado inatofautiana uzito," Bwana Mizani alimwambia.

"Na bado unainunua, Mzee."

Bi Harusi alivuta karatasi ya majina, akafuta jina lake mwenyewe kwa kalamu ya dukani, akaandika la Nyigu kwa herufi kubwa, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Ilikuwa saa tano na nusu.

Mtaani walisema, naam. Walisema damu, walisema uzee, kuna aliyesema miwani. Mbele ya ile fomu watu walisimama wakasoma neno *Mpimaji*, wakacheka, wakaitana waje wasome. Jina la nyumba ile, lililotunzwa miaka yote lisiguswe hata na vumbi, lilipata alama za vidole siku nzima. Bwana Mizani alipita hapo mara mbili kwa makusudi, kofia mkononi, akawasalimu.

Jumapili alasiri uwanja ulijaa. Alikaa kando ya Shangazi na daftari jipya lenye safu moja ya ziada, mwanzoni kabisa, iliyoitwa *Nani*. Aliazimia kutazama nyuso, na robo tatu za kwanza alifanya hivyo kwa bidii, kama mtu anayesoma lugha ya kigeni kwa kamusi: uso, kisha namba, kisha mtupo. Aligundua mambo ya ajabu. Nahodha hutoa ulimi akirusha. Mwamuzi mwenye filimbi ya fedha anaogopa mpira.

Robo ya nne timu zilikuwa zinakabana koo. Dakika mbili zimebaki, Nyigu alikuwa na mpira katikati ya uwanja, anaudunda pole pole, goti limefungwa bendeji, anatazama ngazi ya pili kana kwamba amekumbuka kitu anachotaka kumwambia Shangazi. Mpinzani wake naye akageuka kutazama kuna nini. Ndipo mpira ukapita nyuma ya mgongo wa Nyigu, bila yeye kuutazama, ukamfikia Nahodha chini ya ubao, ulimi nje, na Nahodha akafunga.

"Nyigu!" sauti fulani ilinguruma. "Nyigu, mwanangu! Umewafanyaje!"

Shangazi aligeuka kuona ni nani huyo asiye na adabu. Mdogo wake alikuwa amesimama juu ya mto wake. Kofia ilikuwa imeanguka. Penseli ilikuwa inabingirika kwenye ngazi, ikadondoka, ikapotea chini ya miguu ya watu, na yeye hata hakuifuata kwa macho.

Walishindwa kwa pointi moja. Mtupo wa mwisho ulikuwa wa Nyigu, mkono wa kushoto, upande wa barabara. Mpira ulizunguka kwenye pete mara mbili, ukaelekea kushoto, mahali pete ilipoinama, ukatoka. Uwanja mzima ulishika vichwa. Bwana Mizani alimgeukia Mwenyekiti, aliyekuwa ngazi ya chini, akamtazama usoni, moja kwa moja, kwa muda mrefu. Mwenyekiti alianza kutafuta kitu mifukoni mwake.

Nyigu alikuja akichechemea, jasho likimtiririka, anacheka.

"Baba Mdogo, nimesikia mtu ananiita kwa jina. Si ulikuwa wewe?"

"Hapana," alisema, akiokota kofia. "Labda."

Jumatatu Mwenyekiti aliomba jedwali la fainali, apate kueleza kwa nini walishindwa. Alipelekewa nakala za zile barua mbili kuhusu pete, na karatasi moja. Robo tatu zilijazwa kwa mwandiko safi. Ya nne ilikuwa na mstari mmoja wa penseli uliopanda juu ghafla, ukavuka safu zote, ukatoka nje ya ukurasa. Chini yake, kwa wino, kwa utaratibu wa ofisi: *Kipimo hakikukamilika. Sababu: mpimaji alikuwa anatazama.* Sahihi. Muhuri.

Mwenyekiti alitoa nakala moja tu.